Stempu Alizofua Mama Stanley

Loyce alipozunguka nyuma ya jiko kwenda kumwaga majivu, aliuona ungo wa mama yake juu ya paa la banda la kuku, umewekwa juani, na ndani yake stempu zimepangwa safu safu kama mlenda unaoanikwa. Alisimama. Akasogea, akachukua moja kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado na unyevu, na kichwa cha mfalme wa Kiingereza, ambacho miaka yote kilikuwa kimetulia mahali pake, kimegeuka doa, kama chai iliyomwagikia kitambaa cha meza.

"Mama!"

"Niko huku," Mama Stanley aliitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri na anasubiri kushukuriwa.

"Mama, hizi stempu zimepatwa na nini?"

"Nimezifua."

Kuna majibu yakishatoka hayaachi nafasi ya swali jingine. Loyce aliitua ndoo ya majivu, akaketi kwenye gogo la kuni, akashika tama.

Stempu zile zilikuwa za marehemu baba yake, mzee Chediel, aliyekuwa akipanga vifurushi vya posta katika stesheni ya reli ya Manyoni enzi za Mwingereza. Bahasha zilizotupwa ofisini aliziokota, akakata pembe zenye stempu, akazihifadhi kwenye kopo la biskuti. Alipofariki, kopo lilikaa darini kwa Mama Stanley pale Iguguno, likinywa moshi, hakuna aliyelikumbuka. Lilikumbukwa mwaka huu kwa sababu ya alizeti.

Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kununua. Ghala alilokuwa Loyce karani wake lilifungwa kufuli, naye akaitwa ofisini akaambiwa amepunguzwa, neno lililotamkwa kwa upole mkubwa, kana kwamba walikuwa wanamnyoa nywele. Tangu ruksa ya biashara binafsi ianze, alizeti ya Iguguno ilinunuliwa na watu wa malori waliokuja na magunia yao wenyewe, magunia marefu yenye vilemba vya kuongezea ujazo bila kuongeza bei, na mkulima akijaza gunia la namna hiyo hujiona amewanywesha ng'ombe wa jirani. Aliyepona ni aliyekuwa na mashine ya mkono ya kukamulia. Huyo aliuza mafuta yake mwenyewe, na mashudu akawauzia wafugaji.

Mashine alikuwa nayo Gasto, mfanyabiashara wa Singida mjini, mtu aliyeuza kila kitu ambacho serikali ilikuwa imeacha kukikataza. Gasto alikuwa na rafiki Ulaya anayekusanya stempu. Rafiki yule alitaka stempu za shilingi moja za Afrika Mashariki, za mfalme yule wa wakati wa vita, lakini si zote. Alitaka zilizochapwa kwenye karatasi ya chaki tu. Zilizochapwa kwenye karatasi ya kawaida alikuwa nazo tele. Gasto akasema: nipeni za chaki, nami nawaletea mashine Iguguno, naishusha mlangoni. Ila azichambue Mwalimu Nathan, kwa sababu yeye Gasto karatasi zote kwake ni karatasi.

Mwalimu Nathan alikuwa mume wa Loyce, na kuhusu stempu alikuwa mgonjwa asiyetaka kupona. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kwake. Ugumu ulikuwa mmoja: stempu zilikuwa mikononi mwa mama mkwe wake.

"Mama," Loyce alianza upya, polepole, kama anayemvusha mtoto mto. "Nilikuambia umpe Nathan kopo. Kopo tu. Kama lilivyo."

Mama Stanley alitokeza mlangoni, mkononi mwiko. "Wewe mtoto una akili? Nyuma ya stempu kuna nini?"

"Gundi."

"Na gundi inashika kwa nini? Kwa mate! Watu wamezilamba hizi. Wazungu, Wahindi, makarani wa Tabora, wavuta tumbaku wasiojulikana. Mate ya watu wote hao nimpe mkwe wangu ayashike? Halafu aende kwao aseme mama yake Loyce alinipa mate?"

"Mama, mate ya mwaka arobaini na tano yamekauka!"

"Mate ni mate." Mama Stanley aliuangalia ungo kwa kuridhika. "Nimeloweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Nyingine zimetoa rangi, sikujua kwamba serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa inatumia rangi ya kuchuja. Lakini ni safi. Mpelekee."

Loyce aliuchukua ungo. Angesema nini? Mkwe hapewi kitu kichafu. Alikua akilisikia hilo hata kabla ya kujifunza kufunga kanga. Mkwe hapewi kibuyu chenye vumbi, hapewi kiti chenye unyevu, hamwoni mama mkwe akitafuna. Wakikutana njiani, mmoja hupita porini. Haya yote Loyce aliyaheshimu. Lakini hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kukaa kikao akazungumzia stempu.

Nathan alikuwa sebuleni, amefika asubuhi kwa basi, amevaa shati lake la mikutano. Kati ya sebule na chumba cha nyuma palikuwa na mlango usio na ubao, umefunikwa pazia tu, na Mama Stanley alikwisha ingia nyuma yake. Alipouona ungo alisimama.

"Kwa nini zimelowa?"

"Mama amezifua."

Nathan alifungua mdomo, akakumbuka pazia, akaufunga. Kisha akasema kwa adabu, uso umemsawajika: "Mwambie mama nashukuru."

"Mwambie mkwe si kitu," sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Anasema si kitu," Loyce alisema.

"Nimesikia."

"Kama mmesikiana, mimi nakaa hapa kufanya nini?"

Nathan alipiga magoti mbele ya ungo, akavua pete nyembamba ya fedha aliyoivaa kidole cha mwisho. Alichagua stempu iliyobaki na sura yake, kahawia na nyeusi kama ilivyotoka mtamboni, akaigusa pembeni kwa ukingo wa pete. Hapakutokea kitu. Akachukua moja ya zile zilizochuja, akagusa. Palibaki kijistari cheusi, chembamba, kama cha penseli.

"Unaona?" alisema kwa sauti ya msibani. "Karatasi ya chaki imepakwa unga mwembamba juu, ili chapa itulie. Fedha ikiigusa inaacha alama. Ya kawaida haina unga huo, kwa hiyo haiandiki. Ukiielekeza kwenye mwanga, ya chaki ina mng'ao hafifu, ya kawaida imefifia. Wakati wa vita unga ukawa shida, wakachapa kwenye ya kawaida. Vita vilipoisha wakarudia ya chaki. Ni hilo tu, Loyce. Jambo dogo kabisa. Na ya chaki ina mwiko mmoja: isiguse maji. Ikigusa maji, unga unalegea na rangi inaondoka."

Loyce aliutazama ungo. Nzima upande huu, marehemu upande ule.

"Kwa hiyo kila iliyoharibika..."

"Ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta."

"Na kila iliyopona..."

"Haitakiwi na mtu."

Nyuma ya pazia kigoda kilikwaruza. Kisha: "Loyce, muulize mkwe, kama chaki haitaki maji, ubao wa shuleni unafutwa na nini?"

Nathan alifumba macho. "Mwambie mama ni chaki ya namna nyingine."

"Mwambie mkwe angesema mapema."

"Mwambie mama nilisema. Nilimwambia Loyce amwambie mama zisiguswe."

Sasa lawama ikamgeukia Loyce. Ni kweli, Nathan alisema. Lakini mtu unamwambiaje mama yako, kwa niaba ya mkwe wake, usiguse? Amri haipandi kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama. Kwa hiyo Loyce alikuwa ameilainisha njiani. Alisema, "Nathan anaomba zitunzwe vizuri." Na zilitunzwa vizuri sana, kwa sabuni.

Pikapu ilipiga honi barabarani, na kuku wakatawanyika. Gasto amefika.

Aliingia kabla ya kukaribishwa, mwanamume mnene mwenye kofia mbili kichwani, moja juu ya nyingine, kwa sababu ya juu alikuwa anaiuza. "Hodi wenyewe! Mwalimu, habari za kazi? Shemeji, umenenepa, kupunguzwa kumekupenda! Shikamoo mama, popote ulipo!"

"Marahaba," pazia liliitikia.

Kupitia mlango Loyce aliiona mashine kwenye bodi ya pikapu, imefungwa kamba, mpini wake mrefu wa chuma umeelekea juu. Alikwisha ipangia mahali: uani, chini ya kibanda cha nyasi. Alikwisha ona hata foleni ya wanawake wa Mtinko na madebe yao.

Gasto aliinama juu ya ungo, na uso wake ukachanua. Aliokota stempu iliyochuja kuliko zote, nyeupe karibu yote, akaiinua juu. "Hii hapa! Nyeupe kama chaki yenyewe! Mwalimu, wala sikuhitaji msaada. Nimeitambua kwa jicho. Na hii. Na hii. Rafiki yangu atalia kwa furaha."

Loyce alimkanyaga mumewe mguu. Alimkanyaga kwa nguvu, kwa kisigino, ili kusiwe na shaka yoyote juu ya maana yake.

"Ni za chaki kweli," Nathan alisema huku akiuvuta mguu wake. "Lakini zimekufa. Zimelowekwa. Huyo rafiki yako akiziona atakufungia mlango."

"Lakini ni chaki?"

"Ni chaki."

"Aliomba chaki."

"Aliomba stempu, Gasto. Hiki ni kipande cha karatasi kinachokumbuka kwamba kiliwahi kuwa stempu."

Gasto aliirudisha ile nyeupe kwenye ungo kama mtu aliyeshika chura. "Mwalimu, wewe ndiye mtu pekee Singida nzima aliyewahi kuniharibia biashara niliyokuwa naishinda. Haya, za chaki nyingine ziko wapi?"

"Hazipo."

"Basi na mashine haipo." Alisema bila ubaya, akaweka sawa kofia zake. "Ninayo miadi Shelui. Mtu wa huko ananipa pikipiki kwa mashine hii."

Loyce hakumwangalia Nathan. Angemwangalia, angesema maneno ambayo hayarudi. Alipita kwenye pazia, akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, macho sakafuni.

"Umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Mashine inaondoka, mama. Inaondoka kwa sababu ya usafi wako, na upole wangu, na ukweli wa yule bwana aliyeko sebuleni. Hakuna mwovu hata mmoja ndani ya nyumba hii, na tumeshindwa! Bora tungekuwa wezi, wezi husikilizana."

Mama Stanley alichezea ncha ya kanga yake muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Zipo nyingine."

"Nyingine nini?"

"Stempu. Za shilingi. Hazikuwa kwenye kopo. Ziko kwenye bahasha zake, sijazibandua, sijazigusisha maji. Baba yako aliponiandikia kutoka Manyoni alibandika stempu ya shilingi. Barua ilikwenda kwa senti, lakini yeye anabandika shilingi. Alisema mke wa mtu wa reli haletewi barua ya bei ndogo. Postamasta akamcheka mpaka akachoka."

Loyce aliinama mbele yake. "Na ulikuwa unangoja nini kuzitoa?"

"Nizitoe zionwe na mkwe?" Mama Stanley alistuka kweli. Aliinuka, akafungua sanduku la mbao, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa, akamwonyesha bahasha ya juu upande wa nyuma, pale gundi inapofunika. Mzee Chediel alikuwa ameandika hapo, kwa mwandiko wake wa mlazo: *Mwenye shingo ya twiga, fungua ukiwa peke yako.* Ya pili ilikuwa na maneno mengine. Ya tatu Loyce aliisoma nusu, akaigeuza haraka, maana mtu hapaswi kumjua baba yake kiasi hicho.

"Sasa hayo," mama alisema, "mkwe ayasome? Halafu nimpikie ugali?"

"Mama. Mashine iko kwenye gari, na gari linawashwa."

Na kweli pikapu ilikuwa inakohoa. Mama Stanley alisikiliza. Aliitazama bahasha, akatazama magunia ya alizeti yaliyojaza pembe yote ya chumba, yaliyoanza kutobolewa na panya.

"Mkwe aondoke uani," alisema. "Asiwe mlangoni, asiwe dirishani. Apite ng'ambo ya zizi. Hapo nitazitoa."

Loyce alitoka mbio, akamzuia Gasto akiwa amekwisha shika usukani. Kisha akarudi sebuleni kwa mumewe.

"Mwalimu, kuna stempu za shilingi juu ya bahasha, hazijaguswa na maji."

Nathan alishika kiti. "Juu ya bahasha? Zenye muhuri wa Manyoni? Loyce, hizo mimi sijawahi hata..."

"Na huruhusiwi kuziona."

"Nani?"

"Wewe. Ni mambo ya mama na baba. Nenda ng'ambo ya zizi."

"Na nani atazichambua?"

"Mimi. Nipe hiyo pete."

Nathan alimtazama kama mtu aliyeitwa harusini akaambiwa achunge baiskeli za wageni. Halafu akaitoa pete mfukoni, akamwekea kiganjani, akatoka na shati lake la mikutano, akakanyaga mavi ya ng'ombe, akasimama ng'ambo ya zizi amegeukia Shelui.

Bahasha zilipangwa juu ya mkeka mbele ya mlango. Gasto alichuchumaa upande mmoja, Loyce upande wa pili, na Mama Stanley alitoka nje waziwazi, akasimama juu yao, mikono kiunoni.

"Pembeni!" Nathan alipaza sauti kutoka kule. "Gusa pembeni kabisa! Usifike kwenye uso!"

"Nimesikia!"

"Na usikandamize! Kama unamgusa mtoto aliyelala!"

"Mwambie mkwe asipige kelele," alisema Mama Stanley. "Ng'ombe wanashtuka."

"Anasema ng'ombe wanashtuka!"

"Na usiguse muhuri!"

Loyce alishusha pumzi, akashika bahasha ya kwanza. Aligusa pembe ya stempu kwa ukingo wa pete, akavuta kidogo. Hapakutokea kitu. Akageuza muhuri kwenye mwanga: mwaka wa vita. Karatasi ya kawaida. Akaiweka kando, na Gasto akaguna. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu iliandika. Kijistari kilitokea, kidogo kuliko ukucha wa mchwa, cheusi, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha Loyce kitu kizuri kama kile.

"Imetoa alama!" alipiga kelele.

"Rangi gani?" Nathan aliuliza kutoka mbali, sauti imekatika.

"Nyeusi!"

"Nyeusi ya namna gani?"

"Nyeusi, Mwalimu! Nyeusi ya weusi!"

"Subiri kwanza," alisema Gasto. "Chaki ni nyeupe. Inaandikaje nyeusi?"

"Gasto, ukiniuliza swali lingine nitakuchora wewe."

Waliendelea hivyo mpaka mkeka ukawa na mafungu mawili. Fungu la chaki lilikuwa dogo, lakini Gasto alilihesabu kwa macho akapiga ulimi kwa kuridhika. Mtu wake Ulaya aliwahi kumwambia kwamba stempu ikiwa juu ya bahasha yake ndiyo bora zaidi. Alizikusanya, akaanza kuzipanga, akageuza moja, akaona mwandiko.

"'Mwenye shingo ya twiga,'" alisoma kwa sauti. "'Fungua ukiwa...' Ahaa! Mama! Mama, huyu mzee alikuwa hatari!"

Loyce alitamani ardhi ipasuke. Lakini alipomtazama mama yake, alimkuta anacheka, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika, amekuwa msichana.

"Hiyo si kitu," alisema Mama Stanley. "Soma hiyo ya chini."

"Mama! Unamwachia asome?"

"Kwani huyu ni mkwe wangu? Huyu ni mfanyabiashara. Asome, azipeleke Ulaya, wazisome na huko. Wajue niliandikiwa."

"Lakini ni za baba! Hutazikosa?"

"Bahasha tu hizo. Barua zenyewe ziko sandukuni, na humo hakuingii mtu, si Gasto, si wewe." Aliinama, akaigusa ile ya juu kwa kidole, mara moja, akaisukuma upande wa Gasto. "Chukua. Shusha mashine yangu."

Ilishushwa kwa kelele na ushauri mwingi. Gasto aliondoka akipiga honi, kofia moja tu kichwani. Nyingine alikuwa ameiuza kwa jirani aliyekuja kushangaa. Mama Stanley alijitanda kanga, akaingia zake ndani, na pazia likatulia.

Ndipo Nathan akarudi, viatu vimeharibika. Alipita mashine kana kwamba ni jiwe. Alipita hata bahasha za karatasi ya kawaida, ambazo Loyce alikwisha zigeuza uso chini, akaona mwandiko wa baba umebaki juu, akazifunika kwa kanga.

"Ameondoka nazo zote za chaki?"

"Zote."

"Hata moja hukuibakiza?"

"Mashine, Mwalimu. Iangalie. Tumepata mashine."

"Naiona." Hakuiangalia. Alikuwa anatazama vumbi la pikapu barabarani. "Mng'ao wake ulikuwaje?"

Loyce alikuwa anamimina alizeti kwenye mdomo wa mashine, jasho linamtiririka, mikono inauma, amechoka kuwa ulimi wa watu wawili wenye ndimi zao.

"Kama ganda la yai," alisema.

Nathan aliwaza. Alisogea karibu, akaushika mpini kwa kusahau tu, kama mtu anavyoegemea nguzo.

"La kuku," aliuliza, "au la bata?"

"Sukuma," Loyce alisema.